Maswali ninayoulizwa kila mara kuhusu Swift Sport yangu hapa Lubumbashi

Mimi ni mfamasia, ninaishi Kampemba, na mara mbili kwa juma kazi inanipeleka Likasi. Kwa miaka mitano niliendesha Toyota IST kama watu wengi wa mji huu. Sasa ninaendesha Suzuki Swift Sport ya njano, aina ya ZC33S, yenye gia za mkono. Kila ninaposimama kuweka esansi (petroli) mtu huja na swali, na maswali ni yale yale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu niliyoyapata kwa kuendesha.

Pesa hiyo yote, mbona hukununua jipu, gari kubwa ya juu kama Prado?

Swali hili huja kwanza, na aliyeniuliza kwa uchungu kuliko wote ni mama yangu mdogo, siku nilipoileta gari nyumbani kwake Katuba. Aliizunguka mara mbili, akasema: "Mwanangu, umetoa pesa ya jipu ukaleta kitu kinachonifika begani?" Nilimwelewa. Katika mji wetu gari ni vazi. Ukishuka kwenye Prado mbele ya kanisa, watu wanakusogezea kiti.

Lakini siku nyingi mimi huendesha peke yangu, kwenye lami, kilomita 120 kwenda Likasi na 120 kurudi. Prado inapita kilo 2,000. Swift Sport ya gia za mkono ina kilo 970. Ile tani nzima ya ziada unaibeba kila unapofunga breki, kila unapokata kona, kila unapolipia esansi. Mtu anayepeleka mbolea Kasenga kwenye matope ya Januari anahitaji jipu, na katika jambo hilo asinisikilize kabisa. Mimi sipiti huko.

Hatchback ya spoti ni gari ya namna gani hasa?

Ni gari fupi ya familia, ile ambayo mlango wa nyuma unainuka pamoja na kioo chake, ambayo kiwanda chenyewe kimeipa injini yenye nguvu zaidi, breki kubwa na amotisere (shokabu) ngumu zaidi. Nasisitiza hapo: kiwanda chenyewe. IST iliyobandikwa mistari myekundu na kufungwa ekzosi ya kelele haijawa gari ya spoti, maana breki zake ni zile zile.

Iliyoufanya ulimwengu uzipende gari hizi ni Volkswagen Golf GTI (watu wa mtaa wetu wa Golf, jina ni moja tu kwa bahati). Ilionyeshwa Frankfurt mwaka 1975, ikaanza kuuzwa 1976, na injini ya lita 1.6 yenye nguvu ya farasi 110 katika gari iliyozidi kidogo kilo 800. Kiwanda kilipanga kutengeneza 5,000 tu. Toleo lile la kwanza liliishia kupita 450,000. Viti vyake vya kitambaa cha mirabaraba na kirungu cha gia chenye umbo la mpira wa gofu vilibuniwa na mwanamke, Gunhild Liljequist. Ninalitaja jina lake kwa sababu kuna swali lingine huko chini.

Peugeot walikuja na 205 GTI mwaka 1984. Suzuki nao walikuwa na Cultus GT-i tangu 1986, na huyo ndiye babu wa gari yangu. Halafu 2004 na 2007 Per-Gunnar Andersson wa Sweden alitwaa ubingwa wa dunia wa rali kwa vijana akiwa ndani ya Suzuki ndogo, kwanza Ignis, kisha Swift. Kwa hiyo hiki kigari kina ukoo.

Sasa utamu wenyewe uko wapi? Gari si gari tu?

Hata mimi nilisema hivyo. Mfanyakazi mwenzangu alikuwa ameileta Swift Sport yake, akaniambia, "Dada, shika funguo, zunguka nayo tu." Ilikuwa Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, na barabara ya uwanja wa ndege wa Luano ilikuwa tupu. Nilitarajia kelele na kurushwa nyuma ya kiti. Kilichonishangaza kwanza ni usukani. Kwenye IST yangu, ukigeuza usukani kidogo, mwanzoni hakuna kinachotokea, halafu gari inakumbuka. Hii ilikwenda palepale mkono ulipoonyesha, na muda ule ule. Nilikwepa shimo dogo bila kuwaza kwamba nimelikwepa.

Kisha injini. Ni ya lita 1.4 na ina turbo, inatoa nguvu ya farasi 140. Lakini farasi si habari kubwa. Habari kubwa ni msukumo, yaani nguvu ya injini ya kusokota magurudumu, inayopimwa kwa Nm: Nm 230, na unaupata wote kuanzia mizunguko 2,500 hadi 3,500 kwa dakika, yaani mahali pale ambapo mtu huendesha kila siku. IST ya lita 1.5 inatoa karibu Nm 141, na ili uzipate lazima injini ifike mizunguko 4,200, imeshaanza kulia kama mashine ya kusaga mahindi. Barabarani tofauti ni hii: uko gia ya tatu nyuma ya taksi-busi inayosita-sita, nafasi inafunguka, unagusa mguu, na umeshapita kabla hujafikiria kushusha gia.

Na gia zenyewe. Kirungu kinasafiri kifupi na kinaingia kwa mguso ambao kiganja kinaukumbuka. Niliporudisha gari, mikono ilikuwa na jasho na uso unacheka wenyewe, lakini kipimo cha mwendo hakikuwa kimepita 70. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho miaka yote sikukijua. Nilidhani raha ya gari ni ya wenye barabara za Ujerumani, wa kilomita 200 kwa saa. Kumbe inapatikana kwenye mzunguko wa Posta saa moja asubuhi, kwenye mteremko kabla ya Likasi, kwenye kona moja ya njia ya Karavia ambayo nimeipita maelfu ya mara bila kuiona. Gari nyepesi iliyotengenezwa kwa uangalifu inakuonyesha barabara yako mwenyewe. Nilikuwa naendesha ili nifike. Siku hizi kuna Jumamosi ninaamka mapema ili niendeshe.

Ni kweli turbo inafaa zaidi kwa mji wetu?

Ndiyo, na sababu iko hewani. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Shinikizo la hewa hapa ni takriban asilimia 87 ya lile la pwani, kwa hiyo kila injini inapovuta pumzi inapata oksijeni pungufu. Injini isiyo na turbo haina la kufanya, nguvu yake inapungua kama hewa ilivyopungua. Wale farasi 109 wa IST waliohesabiwa Japani, hapa hawafiki wote. Turbo inazungushwa na moshi wa ekzosi na inaibana hewa kabla haijaingia kwenye injini, hivyo inalipa sehemu kubwa ya deni hilo.

Ndugu wa Goma na Bukavu, mlio karibu mita 1,500, mtaiona tofauti zaidi. Ila kwa zile barabara za Goma zenye mawe ya volkano, gari iliyo chini hivi singekushauri.

Mashimo na dodani (matuta ya barabarani) unazipitaje?

Hapa nataka kusema ukweli wote, kwa sababu wengi wanaona rangi ya njano na kusahau kuuliza. Kati ya tumbo la gari na ardhi kuna milimita 120 tu. Dodani za mtaani zilizojengwa na wakazi wenyewe kwa simenti ninazipita kwa mshazari, tairi moja baada ya nyingine, polepole kama mtu anayeshuka ngazi na mtungi kichwani. Njia za udongo za Ruashi wakati wa mvua siingii nayo. Naiacha kwenye lami kwa mtu ninayemfahamu na kumalizia kwa piki.

Tairi za kiwandani ni 195/45R17. Ukuta wa tairi hiyo una milimita 88 tu, na chuma cha rimu kinakaa karibu sana na shimo. Februari ya mwaka wangu wa kwanza nilirudi kutoka Likasi jioni, mvua imejaza mashimo yote na huwezi kujua lipi lina kina. Nililipiga moja, tairi ya mbele ikachanika ubavuni na rimu ikapinda. Nikafungua buti kutafuta tairi ya akiba. Haipo. Gari hizi za Japani zinakuja na chupa ya gundi na pampu ndogo, na gundi haizibi tairi iliyochanika ubavuni. Nilikaa saa tatu kando ya barabara, malori yanapita yakinimwagia maji, mpaka shemeji yangu alipofika.

Tangu hapo nimehamia rimu za inchi 16 na tairi 185/55R16. Kimo cha tairi kwa jumla ni karibu kile kile, kwa hiyo kipimo cha mwendo hakidanganyi, lakini ukuta umepanda hadi milimita 102. Mguso wa usukani umepungua kidogo na usingizi wangu umeongezeka sana. Jihadhari na jambo moja: duka fulani mjini liliniuzia rimu nne za Swift ya kawaida likiniapia kwamba zitaingia. Swift ya kawaida ina bolti nne kwa kila gurudumu, kwenye duara la milimita 100. Sport ina bolti tano, milimita 114.3. Pesa sikurudishiwa. Hesabu matundu kabla ya kulipa, na rimu ya tano ifunge kwenye buti.

Usukani uko kulia na sisi tunapita kulia. Hausumbui?

Mjini mkono unazoea baada ya juma mbili. Barabara kuu ni habari nyingine, na swali hili linanihusu kuliko yote kwa sababu nimeona ajali.

Njia ya Likasi na ile ya Kasumbalesa zimejaa malori ya shaba na kobalti. Ukiwa na usukani wa kulia, lori likiwa mbele yako huoni kitu upande wa kushoto mpaka nusu ya gari yako iwe imeshatoka. Kosa la wengi ni kulikaribia lori ili wapite haraka. Fanya kinyume chake. Kaa mbali, mita hamsini au zaidi, na barabara itafunguka mbele ya macho yako. Barabara inapojikunja kulia, wewe uliyekaa kulia unaona ubavu mzima wa lori na kinachokuja mbele yake, kwa hiyo itumie kona hiyo kuangalia, kisha pita sehemu iliyonyooka. Nikiwa na mtu wa kunisindikiza, yeye hukaa kushoto na ananisomea njia, lakini uamuzi hubaki wangu. Kwenye kilima sipiti. Nikiwa na shaka sipiti, hata kama nyuma yangu wanapiga honi kwa hasira.

Hapo ndipo ule msukumo wa turbo unakuwa ulinzi, maana muda unaokaa upande wa wengine unakuwa mfupi. Ukivuka Kasumbalesa kwenda Chililabombwe, Wazambia wanapita kushoto, na ghafla kila kitu kinakuwa mahali pake. Ninapenda sana saa ile.

Inakunywa esansi kiasi gani, na ni ya namna gani?

Kwa vipimo vyangu mwenyewe, mjini ni lita 8 hadi 9 kwa kilomita 100, na njia ya Likasi karibu 6. Tangi ni dogo, lita 37. Kwa Japani Suzuki inaelekeza ipewe esansi ya daraja la juu, kwa hiyo usinunue ya kwenye chupa kando ya barabara, hata siku ya dharura. Mimi nina kituo kimoja ninachokiamini na sibadilishi.

Mafundi wetu wanaiweza? Na vipuri je?

Mafundi wa Lubumbashi wana mikono. IST wanaifungua macho yamefumbwa. Ila injini hii inanyunyiza esansi moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, na fundi wa kwanza niliyempelekea alianza kulegeza bomba kabla ya kuuliza. Nilimsimamisha. Tafuta fundi mwenye skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari) na anayekubali kusoma kwanza. Wapo, tena vijana, na wanafurahi kupewa kitu kipya.

Mafuta ya injini, kwa turbo za Suzuki, ni kila kilomita 5,000 au miezi 6. Usichelewe hata kama IST yako ilikuwa inavumilia 10,000. Turbo inazunguka kwa kasi ya ajabu juu ya utando mwembamba wa mafuta, na mafuta yakichoka, turbo ndiyo ya kwanza kufa. Ukifika kutoka safari ndefu, iache injini ingurume dakika moja kabla ya kuizima. Kati ya Mei na Oktoba, vumbi letu jekundu linajaza filta ya hewa kwa nusu ya muda ulioandikwa kitabuni. Mimi huifungua kila mwezi.

Vipuri vya kawaida kama breki na filta ninaviagiza kupitia wafanyabiashara wanaokwenda Johannesburg, kwa kuwa Afrika Kusini gari hii iliuzwa ikiwa mpya tangu 2019. Vile vya ajabu vinatoka Japani, na unangoja.

Niagizeje, na niangalie nini nisije nikadanganywa?

Yangu ilitoka Japani kwa meli hadi Dar es Salaam, ikaja kwa barabara kupitia Tunduma na Nakonde, ikakata Zambia mpaka Kasumbalesa, safari ya karibu kilomita 2,000. Bei unayoiona ya Japani si bei ya Lubumbashi. Ongeza meli, bandari, dereva wa njiani, DGDA (forodha), OCC (ofisi ya ukaguzi wa bidhaa), dekleran (wakala wa forodha), namba za gari. Kabla hujatuma hata franka moja, mwombe dekleran akuandikie hesabu nzima, mstari kwa mstari.

Kisha omba namba ya chasisi. Iwe inaanza na ZC33S. Kuna Swift nyingine zenye sura inayofanana: ZC83S ni ya lita 1.2 ya kawaida, ZC53S ni ya haibridi, na ZC13S ni ile yenye turbo ya lita 1.0, gari nzuri lakini si Sport. Muuzaji akikuandikia "Swift spoti" bila namba, mwache.

Omba pia karatasi ya mnada, yaani ripoti ya hali ya gari kutoka mnada wa Japani. Daraja 4 au 4.5 ni gari iliyotunzwa. Herufi R maana yake iligongwa ikatengenezwa. Gari za namna hii zinapendwa na vijana wa huko, na baadhi zimepelekwa uwanjani kushindana, kwa hiyo tazama picha za chini, tazama kama tairi zimelika sawasawa, na kama kompyuta ya injini imeguswa usinunue. Na anayeipokea Dar awe mtu unayemjua, maana redio na zana hupotea njiani.

Ya otomatiki je?

Ipo, ya gia sita, kilo 990, na injini ni ile ile. Mwenye kukaa kila siku kwenye foleni za Chaussée Kabila sitamlaumu. Mimi ningekosa kirungu.

Watoto na mizigo vinaingia?

Wanangu wawili wanaingia nyuma bila kulalamika, na mkubwa ana miaka kumi na mmoja. Buti ni lita 265: magunia mawili ya unga wa bukari (ugali) ya kilo 25 na mboga juu yake. Gunia la makala (mkaa) haliingii mpaka ukunje kiti.

Ni salama?

Kwa ukubwa wake, kiasi. Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari, iliipima Swift ya kizazi hiki mwaka 2017: nyota 3 kwa ile ya kawaida, nyota 4 ikiwa na vifaa vya ziada vya kuzuia ajali. Kwa hiyo ukichagua kwenye mnada, chagua yenye vifaa hivyo. Na mkanda, hata wa nyuma, hata kwenda sokoni.

Mwanamke na gari ya mbio, inakuwaje?

Mzee mmoja aliniuliza hivi kwenye maegesho, kwa heshima kabisa, akitaka kujua. Nilimwambia: baba, mikono inayopima dawa kwa miligramu inaweza kupima klachi. Alicheka, akaomba aketi ndani. Dada zangu wengi wananiandikia faraghani wakisema wanaitamani lakini wanaogopa maneno. Maneno yalidumu miezi miwili hivi. Gari bado ninayo.

Unaikimbiza mpaka ngapi?

Sijibu swali hili, na kijana anayeniuliza namwomba asinunue gari hii kwanza. Barabara zetu zina watoto wa shule, baiskeli za makala zisizo na taa, na malori yaliyoharibika usiku bila alama zaidi ya matawi ya miti.

Sina pesa ya Sport mpya. Nianzie wapi?

Usikope. Ladha hii inaanza chini zaidi. Vitz RS ya lita 1.5 yenye gia za mkono ina injini ya ukoo ule ule wa IST, kwa hiyo fundi wako anaijua tayari na vipuri viko kila kona. Honda Fit RS pia, ile ya 2013 kuja mbele, ina gia sita na farasi 132. Na ukibahatika kuipata Swift Sport ya zamani, ZC31S ya 2005 hadi 2010, ya lita 1.6 bila turbo, itazame chini kwa makini, iendeshe juu ya lami mbovu huku redio imezimwa, na usikilize mbele kushoto na mbele kulia. Ikigonga, omba punguzo la amotisere mbili. Isipogonga, nipigie simu kabla hujaiacha, kwa sababu mdogo wangu naye anatafuta.